Ua la Kyimbila: kadi ya kliniki yenye zaidi ya miaka 100

SEHEMU YA 1: Majani kwenye pindo la kanga

Wiki iliyopita tulimaliza mambo ya uji wa lishe. Leo naomba niwatoe jikoni kidogo, niwapeleke kwenye historia ya maua ya porini kwetu huku Nyanda za Juu Kusini. Najua kuna mtu anasema, "Nesi, maua tena?" Vumilia. Ukifika sehemu ya mwisho utaona jambo hili linamhusu mtoto wako.

Ngoja nianze na usiku mmoja. Ni miaka kadhaa sasa, nikiwa zamu ya usiku. Aliletwa mama kijacho, mimba ya pili, uchungu umemkolea kupita kawaida. Tumbo gumu kama jiwe, halilegei hata dakika. Uchungu wa namna ile sisi manesi tunaujua. Nikamvuta pembeni bibi aliyemsindikiza, nikamuuliza kwa upole, "Bibi, shikamoo. Niambie ukweli, sitakugombeza. Mjukuu amekunywa nini?"

Bibi akanyamaza. Kisha akasema amepewa dawa ya kuharakisha uchungu. Dawa gani? Bibi akataja jina kwa Kisafwa. Shangazi akasema hapana, hiyo kwa Kinyakyusa inaitwa vingine, akataja. Mume, ambaye kwao ni Iringa, akasema mti wanaousema hawa wawili kwao ni mti mwingine kabisa. Bibi akafungua pindo la kanga, akatoa majani mawili matatu yaliyosagika na kunyauka. Daktari akayageuza kwenye mwanga. Hakuna aliyejua ni nini.

Mama alipelekwa chumba cha upasuaji. Mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika. Yeye alipona, namshukuru Mungu. Mtoto hatukumpata.

Niseme ukweli: kujua jina la ule mmea kusingemrudisha yule mtoto usiku ule. Lakini kesho yake nilitaka kuwaonya wajawazito wengine pale kliniki, na nikashindwa niseme nini. Msinywe kitu gani? Sikuwa na jina, sikuwa na picha, na yale majani yalishafagiliwa.

Nilimsimulia jirani yangu, mwalimu wa baiolojia. Hakuniuliza kuhusu mgonjwa. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hukuyabana?"

SEHEMU YA 2: Kumbe mimea nayo ina kadi

Kubana ni hivi. Unachukua tawi dogo la mmea, lenye majani na ua, ikiwezekana na tunda. Unalilaza katikati ya magazeti, unaweka kitu kizito juu, unabadilisha magazeti mpaka likauke. Likishakauka linashonwa au kugundishwa kwenye karatasi ngumu. Pembeni, mara nyingi chini kulia, inabandikwa lebo. Karatasi hizo zinapangwa kwenye makabati, kila mmea na ukoo wake. Nyumba yenye makabati hayo wataalamu wanaiita hebaria.

Tanzania tunazo. Ipo Hebaria ya Taifa kule Arusha, na ipo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nairobi iko Hebaria ya Afrika Mashariki, na mizizi yake iko kwetu, Amani, kule milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Makusanyo yalihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kule Kew, London, wana sampuli karibu milioni 7.

Sasa hiyo lebo ndiyo iliyonifanya nikae chini. Ina jina la mmea, mahali ulipotolewa, tarehe, urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, jina la aliyeukusanya na namba yake. Mkusanyaji makini anaandika pia rangi ya ua, kwa sababu ua likikauka hubadilika rangi, na jina ambalo wenyeji wanauita.

Mama, hiyo si kadi ya kliniki? Fikiria kadi namba moja ya mwanao. Jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa leo, chanjo ya leo, kijiji, namba. Mtoto akija bila kadi tunampima, lakini hatujui ametoka wapi. Kilo nane ni nzuri au mbaya? Inategemea mwezi uliopita alikuwa na ngapi. Ua lisilo na tarehe wala mahali ni pambo la ukutani. Likiwa na tarehe na mahali, ni ushahidi: mmea huu ulikuwepo hapa, siku hii.

Na kuna jambo moja zaidi. Mtu akitokea leo Makete au Mufindi akisema amekuta mmea usiojulikana, hawamwamini kwa maneno. Wanachukua sampuli yake, wanailaza kando ya ile ya zamani, wanalinganisha jani kwa jani. Ile sampuli ya kwanza kabisa, iliyotumika kuupa mmea jina, ndiyo shahidi mkuu. Ikipotea, panatokea ubishi kama ule wa bibi, shangazi na mume.

SEHEMU YA 3: Maua ya Uhehe, mwaka 1899

Twende Iringa sasa.

Tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe na Wajerumani. Hilo kila mtoto wa Iringa analijua. Kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja fuvu lile na kutaka lirudishwe, lakini lilirudi mwaka 1954 tu, na leo liko Kalenga.

Ambalo wengi hatujasimuliwa ni hili: mwaka uliofuata, 1899, nchi bado ina majivu ya vita, alipita Uhehe kijana wa Kijerumani anakusanya maua. Anaitwa Walter Goetze. Alitumwa na msafara uliofadhiliwa na mfuko wa familia tajiri ya Berlin, Heckmann na Wentzel. Akatoka Uhehe akaenda Ukinga, akapanda milima ya Livingstone, akafika Rungwe. Kila alipopita alikata, akabana, akaandika namba.

Kubana maua Ukinga si kazi ndogo, na wenyeji wa Makete mnajua kwa nini. Ukungu na mvua kila siku. Gazeti lenye unyevu likikaa siku mbili, ua limeota ukungu mweupe. Inabidi magazeti yaanikwe au yakaushwe kwa moto, yabadilishwe, yaanikwe tena. Msafara kama huo ulitembea kwa miguu, na mizigo ilibebwa kichwani na wapagazi. Kwa hiyo ukiona sampuli ya enzi hizo, jua kuna mabega ya watu weusi yaliyoibeba. Majina yao kwa kawaida hayapo kwenye lebo. Aliyeonyesha njia, aliyesema mmea huu tunauita hivi na unatibu hiki, hayupo. Yupo aliyeshika kalamu.

Goetze hakurudi kwao. Alifariki Desemba 1899 huko Langenburg, kituo cha Wajerumani kando ya Ziwa Nyasa, hajafikisha hata miaka thelathini. Maua yake ndiyo yaliyofika Berlin. Profesa Adolf Engler akayachambua na kuyapa majina. Baadhi yakapewa majina ya wenye pesa. Mpaka leo kuna ua la milimani kwetu linaloitwa Protea heckmanniana, kumbukumbu ya ule mfuko wa Berlin. Liko linachanua kwenye vilima vyetu na jina la familia ambayo pengine haikuwahi kuliona likiwa bichi.

Sisemi haya ili tukasirike tu. Nasema ili ujue kwamba kuandika ni nguvu. Anayeandika ndiye anayebaki.

SEHEMU YA 4: Kyimbila, na usiku ambao makabati yaliungua

Sasa tuje Mbeya, Rungwe, karibu na Tukuyu. Kama umewahi kupita Kyimbila kwenye chai, basi umepita kwenye mahali maarufu sana kwa wataalamu wa mimea duniani. Nilipoliona neno hilo kwenye picha ya lebo kwenye simu yangu nilishtuka. Kyimbila? Hii hii?

Hii hii. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Mmoja wa wamisionari wao, Adolf Stolz, alikaa Kyimbila, na katika miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikusanya mimea kwa maelfu. Goetze alikuwa mpita njia. Stolz alikuwa mkazi. Aliona mwaka mzima ukizunguka: kipi kinachanua mvua za kwanza, kipi kinasubiri baridi ya Juni. Mama unajua tofauti ya nesi aliyekuja kwa wiki moja ya kampeni na nesi anayekaa hapo hapo kijijini. Ndiyo tofauti hiyo.

Alipenda okidi. Zile okidi zake zilifika Berlin mikononi mwa bingwa mmoja, Rudolf Schlechter, na mwaka 1915 Schlechter akatoa chapisho zima juu yake. Kundi moja la okidi ndogo sana, zinazotambaa kwenye magome ya miti yenye ukungu, akalipa jina Stolzia. Ni viua vidogo kiasi kwamba mtu anaweza kupita chini ya mti mara mia asivione.

Halafu kikaja kisa chenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, katikati ya Vita vya Pili, mabomu yaliangukia Berlin na hebaria ikashika moto. Ilikuwa na sampuli zipatazo milioni 4, na nyingi ziliteketea. Za Goetze nyingi zilikwenda. Okidi zilizokuwa kwa Schlechter zilikwenda. Fikiria masijala yote ya hospitali ya mkoa inaungua, faili zote, kadi zote.

Je, yaliisha? Hapana. Kuna jambo wakusanyaji wazuri hulifanya, na Stolz alilifanya sana: hakubana tawi moja. Kutoka mmea ule ule, siku ile ile, namba ile ile, alibana matawi kadhaa, na pacha hao wakasambazwa kwenye hebaria za miji mingine. Berlin ilipoungua, pacha wa Kyimbila walikuwa salama Kew na kwingineko. Ndio wanaotumika leo kama mashahidi. Wengi wamepigwa picha kubwa zenye kuonyesha hata mshipa wa jani, na ukiwa na simu yenye bando unaweza kumwona pacha wa ua la Rungwe akiwa kwenye karatasi yake Ulaya, amegeuka kahawia, na neno Kyimbila pembeni.

Mama, ndiyo maana kila siku nakusumbua: piga picha kadi ya mtoto. Piga picha, mtumie na baba yake, mtumie na bibi. Nyumba inaweza kuungua, mfuko unaweza kuibiwa kwenye daladala. Pacha mmoja atabaki.

SEHEMU YA 5: Kinaka, na swali ambalo ua kavu linajibu

Wengine mtasema, sawa nesi, historia tamu, lakini maua yaliyokauka zamani yananisaidia nini leo?

Nikujibu kwa kinaka. Watu wa Makete, Njombe, Mbeya na Sumbawanga mnakijua. Ni viazi vidogo vya okidi za porini. Wenzetu wa Zambia wanaita chikanda; wanavitwanga, wanavipika na karanga na pilipili mpaka vinaganda, unakata vipande. Ni chakula halali cha watu, na wala si cha kuchekwa. Shida ilianza soko lilipokua. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 magunia yalianza kuvuka mpaka, na watafiti waliofuatilia biashara hiyo walihesabu kwa mamilioni ya viazi kwa mwaka. Wachimbaji wengi walikuwa akina mama na watoto, kwa sababu ada ya shule na sabuni vilihitaji pesa.

Okidi si mahindi. Ukichimba kiazi umeua mmea. Mbegu yake ni vumbi, haina akiba ya chakula ndani, inahitaji fangasi maalumu kwenye udongo ili iote. Huwezi kuichukua ukapande nyuma ya nyumba kama viazi mviringo.

Sasa nani atasema zimepungua? Wazee watasema, "Zamani zilikuwa nyingi." Mfanyabiashara atasema zipo tele. Hapo ndipo karatasi za zamani zinaposimama. Zinasema aina hii ilikuwepo kilima hiki, mwezi huu, mwaka huu. Unarudi kilima kile kile mwezi ule ule, unatafuta. Kama hukuikuta, una jambo la kusema mbele ya serikali.

Kitulo ilipata ulinzi namna hiyo, kwa watu kuonyesha majina na orodha. Wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu. Mzungu mmoja, Elton, aliipita mwaka 1877, na ramani zikaiita kwa jina lake kwa miaka mingi. Mwaka 2005 ikawa Hifadhi ya Taifa, na jina likawa Kitulo. Ina mimea ipatayo aina 350, na kati ya hizo okidi ni aina 45. Ukienda kati ya Desemba na Aprili utakuta imechanua. Wapeleke watoto. Msichume hata moja, ni hifadhi.

Na tukirudi kwenye wodi yangu: wataalamu walifanya kazi ya miaka sitini, kuanzia 1952 mpaka 2012, kuandika mimea yote ya porini ya Tanzania, Kenya na Uganda. Wakafika aina 12,104. Yale majani ya bibi huenda yamo humo. Kama yangebanwa vizuri, na ua lake, kuna mtu Arusha au Dar angeyalaza kando ya karatasi ya zamani akasema, ni huu. Na mimi ningesimama mbele ya akina mama nikautaja.

SEHEMU YA 6: Ya kufanya nyumbani

Nimeahidi tutamaliza na watoto. Haya.

Kwanza, ya usalama, kwa sababu mimi ni nesi kabla ya yote. Mjamzito usinywe dawa yoyote ya kuharakisha uchungu, iwe ya mti gani, iwe imetolewa na nani unayempenda. Ukishakunywa, njoo haraka na useme. Hatutakupiga. Mtoto akila mmea usioujua, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mkimbize kituo cha afya, na uje na kipande cha ule mmea. Si jani moja lililosagika. Tawi, lenye ua au tunda kama lipo, ndani ya gazeti.

Pili, siku ya mvua watoto wamechoka na katuni, fanyeni hebaria ya nyumbani. Chagueni maua ya kawaida ya uani au kando ya njia, si okidi, na si ndani ya hifadhi. Laza ua kwenye gazeti, funika na gazeti, weka vitabu vizito au tofali juu. Badilisha magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza. Baada ya wiki moja mbili limekauka. Nawisheni mikono baada ya kushika, na asionje mtu. Mkipata bahati ya kutembelea hebaria kubwa, watoto wasiguse karatasi za zamani. Enzi zile zilipakwa dawa ya zebaki kuua wadudu, na ile ni sumu mpaka leo.

Tatu, lebo. Hapa usifanye uvivu. Tarehe. Kijiji, kata, wilaya. Rangi ya ua. Kimo cha mmea. Jina kwa lugha ya nyumbani, Kisafwa, Kihehe, Kinyakyusa, Kibena, Kikinga, lolote. Na mstari mmoja ambao kwenye zile za Wajerumani haukuwepo: aliyetufundisha jina hili ni bibi fulani. Andika jina lake kamili. Kama bibi anasema unatibu kitu, andika "bibi anasema", usiandike "unatibu".

Kisha mpigie bibi simu. Mwambie mjukuu anauliza ule mmea wa mtoni unaitwaje. Utashangaa atakavyofurahi. Nimeshaona bibi mmoja mkali sana kwa manesi, aliyekuwa hasemi lolote kuhusu dawa zake, akakaa saa nzima na mjukuu na magazeti, anataja jina baada ya jina. Kumbe hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nia ya kuandika. Siku zote tulimwuliza kwa nia ya kumlaumu. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Niwaachie jina moja la mwisho. Mwaka 1915 okidi ndogo za kwetu ziliitwa Stolzia, jina la mgeni. Mwaka 2009 mti wa misitu ya pwani ya Tanzania, wenye maua meupe, ulipewa jina la ukoo mpya kabisa: Mwasumbia. Ni kumbukumbu ya Leonard Mwasumbi, Mtanzania aliyefanya kazi ya mimea miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiona "Mwa-" mbele ya jina, watu wa Mbeya hatuhitaji tafsiri.

Yule mama wa usiku ule alirudi baadaye kliniki, akiwa na mtoto mwingine mgongoni, mzima, kadi imejaa alama za chanjo. Kwenye mkoba alikuwa na gazeti limekunjwa. Akaniambia, "Nesi, ule mti umetoa maua. Nimekuletea."

Nimeubana. Uko chini ya vitabu vyangu vya ukunga, una tarehe, una kijiji, una majina matatu ya lugha tatu na majina ya waliotaja. Ukikauka utakwenda kwa wataalamu.

Lala salama mama. Kesho tunarudi kwenye chanjo.